Jini wa Saa ya Mnara na Kikombe Kilichopinduliwa

Palikuwa na mji ukiitwa Zabarjadi, bondeni baina ya milima miwili, na mtawala wake alikuwa Sultani Ghayathi bin Nadhiri, mtu mwadilifu, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuapa, na huko kuapa kwake ndiko kutakakotutia mashakani katika hekaya hii. Misafara ilishuka kutoka pande zote ikileta yakuti na feruzi, fedha na marijani, na vyote hivyo viliishia Mtaa wa Vito, ambako masonara walikaa mlango kwa mlango wakifua na kulehemu, na katikati ya mtaa ule ulisimama mnara, na juu ya mnara ilikuwapo saa kubwa yenye uso wa shaba na mishale miwili myeusi, aliyoijenga babu mkubwa wa Sultani. Ajabu ya saa ile ni kwamba haikuwahi kutiwa ufunguo wala mafuta, wala hakuna fundi aliyeonekana akiipandia, na bado ilikwenda sawasawa usiku na mchana, na watu wakasema ni baraka ya ukoo wa kifalme, wakaridhika na jibu hilo kwa kuwa halikuwagharimu kitu.

Kabla ya mnara ule, watu wa Zabarjadi walijua wakati kwa adhana na kwa kivuli cha ukuta, na masonara waliuza vikuku, mikufu, vipini na pete, basi. Lakini saa ya mnara ilipoanza kugonga, kila mwenye kanzu safi alitaka saa ndogo yake mwenyewe ya kulinganisha na ile kubwa, na aliyeanza kuwauzia alikuwa Mzee Ridhiwani sonara, aliyenunua kwa wasafiri saa chakavu za mfukoni, akazisafisha, akazivika vifuniko vya dhahabu. Wenzake walimcheka. "Ridhiwani leo anauza wakati," walisema, "kesho atatuuzia upepo." Walicheka mpaka walipoona wateja wake, na baada ya hapo hakuna duka la sonara lililokosa saa dirishani. Ikawa ni desturi, kila asubuhi kabla ya saa mbili, wauzaji wote hutoka wakasimama milangoni na saa zao mikononi, na mnara ukigonga huzirekebisha kwa pamoja, kisha husalimiana na kufungua maduka.

Na desturi ya pili ya mtaa ule ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Mtu haendi kwa sonara na jambo dogo. Huenda kwa kuwa anaoa au anaachwa, au mgonjwa ni mahututi na bangili za mama hazina budi kuuzwa, na kabla ya mizani kushikwa ni lazima aketi, apewe kahawa, aseme lililomleta. Akimaliza, sonara huchukua kikombe cha mgeni, hukipindua juu ya sinia, na tangu hapo maneno yale yamefunikwa. Sonara hayasemi kwa mkewe wala kwa kadhi. Anayeweza kukifunua kikombe ni yule aliyekunywa tu, na sonara aliyewahi kukifunua cha mwenziwe hufunga duka lake akahama mji, maana hakuna mwanamke atakayempelekea tena hata hereni ya kulehemu.

Sasa, katika zama za Sultani Ghayathi, duka la Mzee Ridhiwani lilikuwa mikononi mwa mjukuu wake, Mubashiri bin Tawfiki, kijana mpole mwenye mkono mwepesi, aliyefiwa na wazazi wote wawili na kuachiwa duka, nyundo za baba yake, na kasuku mmoja mzee. Kasuku huyo aliwekwa mlangoni na alijua maneno matatu tu, ambayo aliwaambia wateja, wapita njia na paka bila ubaguzi: "Ahsante kwa kuja!" Mubashiri aliishi kwa shukrani, si kwa kuwa na mengi, bali kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Akila mkate humshukuru mwokaji, na akilala huyashukuru macho yake kwa kazi ya siku ile.

Siku moja baada ya adhuhuri iliteremshwa mlangoni mwake machela yenye pazia la hariri, na akatoka msichana mwenye macho makini, akasema, "Amani iwe kwako, Bwana Mubashiri. Mimi ni Salhina, mtumishi wa Bibi Mkubwa, mama yake Sultani. Bibi yumo ndani na anaumwa. Tafadhali funga mlango, mwenyewe hataki kelele."

Bibi kizee akaingia akiegemea bega la Salhina, Mubashiri akafunga mlango, na bibi akauonyesha mkono wake wa kulia. Katika kidole chake palikuwa na pete pana ya dhahabu ya kale, na kidole chenyewe kilikuwa kimevimba pande zote mbili za pete, kimeanza kuwa cheusi.

"Nilivishwa na marehemu mume wangu," akasema Bibi Mkubwa, "akaniambia nisiivue maisha yangu yote. Sababu hakuniambia, nami sikumwuliza, tulikuwa tunapendana. Mwanangu yuko mawindoni. Waganga wa kasri wanasema wakate kidole, wanaiogopa pete kuliko wanavyoniogopa mimi. Wewe unasemaje, mwanangu?"

"Bibi yangu," akasema Mubashiri, "kidole hakiongezwi na pete huongezwa. Nitaikata kwa nyuma, niiongeze kipande, na ukiivaa tena hutajua kama iliwahi kukatwa."

Bibi akamtazama Salhina, na Salhina akasema, "Kata, kwa jina la Mola, hajalala siku nyingi." Basi Mubashiri akapenyeza bati jembamba la shaba baina ya nyama na dhahabu, akashika msumeno mwembamba kama uzi wa kushonea, akakata polepole, na pete ilipoachia, bibi kizee akashusha pumzi ndefu na machozi yakamtoka. Damu ikarudi kidoleni. Akambusu Mubashiri kwenye paji la uso kama mtoto wake, akamwombea dua ndefu, na Salhina akamwambia, kwa sauti ya chini, "Ahsante. Sikujua kama kuna mtu mwenye mkono mpole hivi." Kisha wakaondoka, na pete ikabaki dukani itengenezwe. Mubashiri naye akabaki akilitazama pazia la mlango muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Akaifanyia kazi pete. Akalehemu kipande kipya, akakipitisha tupa, na kwa kuwa baba yake alimfundisha kwamba pete isitoke duka lile na alama ya jeraha, akaisugua ndani na nje mpaka ikang'aa kama jua la asubuhi. Hilo ndilo kosa lake, na ni kosa la sonara peke yake, maana mtu mwingine angeiacha na makovu yake. Mkono uliozoea kung'arisha ukang'arisha, na jicho lilipotazama ndani ya pete likaona mwisho wa maandishi membamba yaliyokuwa yamezunguka ndani yote, na herufi ya mwisho ikafutika chini ya kitambaa chake.

Pale pale duka likajaa moshi wenye harufu ya chuma, saa zote dirishani zikasimama, na katikati ya moshi akaonekana jini mrefu aliyelazimika kuinama chini ya dari, mgongo umepinda, nyayo zimechakaa, na shingoni mnyororo mzito uliokatika. Mubashiri akarudi ukutani na roho yake mkononi. Jini hakumtazama. Alikuwa akitembea, akizunguka na kuzunguka, akipita baina ya meza na kabati kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, hajui kama amefunguliwa.

Na kasuku mlangoni, asiyejua jini wala binadamu, akasema, "Ahsante kwa kuja!"

Jini akasimama. "Nani amesema neno hilo?" akanguruma, na vioo vikatetemeka.

"Ni ndege, bwana wangu," akasema Mubashiri. "Husamehewa, hana akili."

"Nimetembea gurudumuni tangu kabla baba yako hajazaliwa," akasema jini, "na hilo ni neno la shukrani la kwanza kulisikia." Akaketi chini kwa kishindo, akalia, na machozi yake yakatoboa matundu madogo sakafuni.

Hofu ikamtoka Mubashiri, na mahali pake pakaingia huruma. Mtu analia dukani mwako utamfanyaje? Akaweka birika juu ya makaa, akamimina kahawa, akakata halua, akauliza kama ilivyo desturi, "Karibu, bwana. Nimkaribishe nani?"

Jini akakipokea kikombe kwa ncha za vidole viwili. "Hakuna aliyeniuliza jina langu isipokuwa yule aliyetaka kunifunga kwalo," akasema. "Nitakutajia, nawe ujue unachopewa. Jina langu ndilo pingu yangu. Mtu yeyote akilichora ndani ya pete hii nitarudi gurudumuni, wala sitakuwa na la kusema." Akamtajia jina lake, nami silitaji hapa, kwa sababu mtakayoisikia. Kisha akamaliza kahawa yake, na Mubashiri, bila kufikiri mara mbili, akakichukua kikombe akakipindua juu ya sinia.

"Umefanya nini hapo?" akauliza jini.

"Uliyoyasema yamefunikwa," akasema Mubashiri. "Hakuna akifunuaye ila wewe."

Jini akainama mpaka sakafuni, akageuka moshi, akatoka kwenye tundu la bomba la jiko. Na Mubashiri akabaki akijiuliza ni gurudumu gani alilolisema jini, mpaka alasiri ilipofika na mnara usigonge. Ndipo akaelewa kwamba gurudumu lile lilikuwa la saa ya mnara.

Enyi mlio na saa mifukoni mwenu, hamjui raha mliyo nayo! Asubuhi iliyofuata wauzaji wa Mtaa wa Vito walitoka milangoni na saa zao mikononi wakangoja, na mnara haukugonga, na kila mmoja akatazama saa yake na kuiamini. Sonara huyu akafungua duka na jirani yake akasema bado, na wa tatu akasema tayari ni wakati wa chakula cha mchana, akaenda kula. Bwana arusi mmoja alifika kwa wakwe watu wakiwa wanapiga mswaki, na mwingine alifika wageni wameshakula wakaondoka, na mkwewe akamwambia, "Mwanangu, hata bibi arusi ameshasinzia." Mwokaji aliunguza mikate. Mgonjwa aliyepaswa kunywa dawa kwa saa alikunywa kwa kubahatisha, na mkewe akakaa akilia. Hatimaye mkuu wa masonara, Bwana Hatimu, mtu mwenye tumbo kubwa na hakika kubwa zaidi, akaupanda mnara na zana zake zote, akashuka jasho likimtiririka, akasema hakukuta kamani, ule utepe wa chuma unaosukuma saa, wala mizani ya kuvuta, ila gurudumu kubwa la mbao, na ndani yake njia iliyolainishwa na nyayo.

Sultani akarudi kutoka mawindoni akakuta mji umechanganyikiwa, na hasira zikampanda, na kama kawaida yake akaapa kabla ya kuuliza. "Wallahi," akasema mbele ya baraza zima, "mkono ulioisimamisha saa ya babu zangu utakatwa, ila uifanye igonge tena kabla ya khutuba ya Ijumaa!"

Salhina akayasikia, akakimbia mpaka Mtaa wa Vito ushungi ukimpepea. "Bwana Mubashiri, ondoka," akasema akihema. "Ngamia wako tayari lango la kaskazini. Sultani anatafuta mkono, na saa ilisimama siku ile ile ulipoikata pete; mkono ni wako."

"Nikiondoka, nani ataulizwa?" akasema Mubashiri.

Salhina akageuka akautazama upande wa kasri.

"Ataulizwa aliyeileta pete. Wewe na bibi yako. La, Bi Salhina. Nitunzie kasuku." Akavaa kanzu yake nzuri, akaichukua pete, akaenda kasri kwa miguu yake.

Alipofika barazani alipiga magoti akasema, "Maulana, Mola akuweke, mkono unaoutafuta ni huu. Niliikata pete kumwondolea mama yako maumivu, na hilo sijutii. Kisha nikaisugua mpaka nikafuta maandishi, na hilo ni kosa langu, kwa mazoea ya kazi."

Sultani akajua mambo yote, kwani baba yake alimwambia siri ya pete alipokuwa anakata roho, ila jina lenyewe hakuwahi kumtajia. "Ewe sonara," akasema, "umemwachia jini wa ukoo wangu. Basi jambo ni jepesi. Je, unalijua jina lililokuwa limechorwa?"

"Ninalijua, Maulana."

Baraza likashusha pumzi. Bwana Hatimu akapiga makofi. "Basi lichore, kijana! Kazi ya kufumba na kufumbua, na mkono wako umepona."

"Sikulisoma kwenye pete," akasema Mubashiri. "Jini mwenyewe ndiye aliyenitajia, akinywa kahawa yangu, na kikombe nimekipindua. Siwezi kulichora wala kulitaja."

Bwana Hatimu, ambaye dakika ile alikuwa tayari kumkabidhi kalamu ya chuma, akainamisha kichwa, kwa kuwa naye alikuwa sonara na aliona haya. Lakini Sultani uso ulimwiva. "Kwa jini? Unalinda siri ya jini na kupoteza mkono wako? Mkono wa kuume, sonara! Utafanya kazi gani baada ya hapo?"

"Sijui, Maulana," akasema Mubashiri, akaurudisha mkono wake kifuani, maana aliupenda na hakuwa shujaa wa vitabuni. "Ila nikikifunua kikombe kimoja, ni nani atakayeketi tena katika kiti cha duka langu? Nitabaki na mkono usio na kazi vilevile."

Hapo pazia la wanawake likasogezwa, na Bibi Mkubwa akatoka mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea barazani, na Salhina nyuma yake amebeba sinia yenye kikombe kimoja kilichopinduliwa. Watu wote wakasimama.

"Mwanangu Ghayathi," akasema, "unaukumbuka mwaka wa njaa? Ulikuwa mdogo. Watu wa mji wanasema hadi leo kwamba baba yako aliifungua ghala ya kifalme akawalisha."

"Nakumbuka, mama. Ni fahari ya nyumba yetu."

"Ghala ilikuwa tupu." Akaunyosha mkono juu ya sinia. "Nilivaa nguo za mtumishi, nikaenda kwa Tawfiki sonara, baba yake huyu, nikamuuzia vito vyangu vyote vya arusi, na ngano ikanunuliwa kwa vito vile. Adui zetu walikuwa mpakani wakisubiri kusikia kwamba hazina imekauka. Lau Tawfiki angemwambia mkewe tu, leo usingekuwa na kiti cha kukalia. Alikufa na siri yangu. Kikombe hiki ni cha kwangu, na ninakifunua mwenyewe." Akakishika kikombe akakigeuza kikatazama juu, kisha akamgeukia Mubashiri. "Sikuwahi kumshukuru baba yako mbele za watu. Namshukuru leo kupitia kwako."

Sultani akashuka kitini akaibusu mikono ya mama yake, na akalia bila kujificha, na wengi barazani walilia pia. Lakini kiapo kilikuwa kimeshatoka, kwa jina la Mola na mbele ya mashahidi, na Sultani Ghayathi, pamoja na kasoro zake zote, hakuwahi kula kiapo akakitupa. "Nenda ukamtafute," akamwambia Mubashiri, na safari hii alikuwa anamsihi. "Mwombe. Mimi nitakaa hapa nimwombe Mola anisamehe ulimi wangu."

Salhina akampeleka hadi lango la kasri. "Utamtafuta wapi?" akauliza.

"Sijui. Moshi hauachi nyayo."

"Mimi nimemwona," akasema Salhina. "Kila asubuhi ninapofungua madirisha ya bibi naona kivuli kilimani, mkabala na mnara. Nilidhani ni jiwe. Majiwe hayakunji magoti."

Basi asubuhi ya Ijumaa Mubashiri akaupanda mlima, akiwa amebeba birika la kahawa na vikombe viwili, na juu kabisa akamkuta jini ameketi, amekumbatia magoti, anautazama uso wa saa ng'ambo ya pili.

"Umekuja na pete?" akauliza jini bila kugeuka.

"Ninayo. Haina neno ndani." Akaiweka chini mbele yake.

"Walinzi wa kasri wana sauti kubwa. Nimesikia habari ya mkono wako. Ulikuwa na jina langu na kalamu ya chuma, mbona hukulichora?"

"Ulikuwa mgeni wangu."

Jini akakinyosha kidole chake kirefu kuelekea mnarani. "Niambie jambo moja, sonara. Miaka yote hiyo nilikuwa ndani, nyuma yake. Sikuwahi kuuona uso wake. Ile mishale miwili inasema nini?"

Mubashiri akakaa karibu naye, akammiminia kahawa, akamsomea saa kama anavyosomewa mtoto. "Mshale mfupi ukifika pale," akasema, "ni kumi na moja alfajiri, na mwokaji wa mtaa wetu huwasha tanuri. Ukifika pale ni saa mbili, na masonara wote husimama milangoni, hata walionuniana, na husalimiana. Pale ni saa nne, na mama mmoja jirani yangu humpa mumewe dawa, na ndiyo iliyomweka hai. Pale ni saa sita, mafundi huweka nyundo chini. Pale ni saa kumi, watoto hutoka chuoni wakipiga kelele."

"Hayo yote," akasema jini polepole, "ni miguu yangu?"

"Ni miguu yako. Babu yangu aliuza saa kwa kuwa ulitembea. Baba yangu alinilea kwa kuwa ulitembea. Kila tonge nililokula tangu utotoni limetoka gurudumuni mwako, nami sikujua hata kama upo." Mubashiri akafuta macho kwa mkono ule ule wa kuume. "Sikuja kukurudisha. Nilisema nije kukuomba, na nilipokuwa njiani nikaona aibu kukuomba zaidi. Nimekuja kukwambia ahsante, wakati bado nina mkono wa kukumiminia kahawa."

Akainuka, akainama, akashuka mlima, kwani jua lilikuwa limepanda na hakutaka walinzi waje kumtafuta.

Uwanja wa msikiti ulijaa. Gogo limewekwa, na mkata mikono amesimama akiwa amegeuza uso, maana pete yake ya ndoa ilitengenezwa na Mubashiri. Sultani alikaa amejiinamia. Salhina alisimama mbele ya wanawake wote na kasuku begani, na hakujifunika uso. Mubashiri akakunja mkono wa kanzu, akaulaza mkono wake juu ya gogo, akautazama kama mtu anayemuaga ndugu yake. Imamu akakanyaga daraja ya kwanza ya mimbari.

Na saa ya mnara ikagonga.

Ikagonga sita kamili, sauti ikajaa bonde lote, na watu wakapiga takbiri mpaka njiwa wote wakaruka, na mwenye shoka akalitupa shoka lake akamkumbatia Mubashiri kwanza kuliko mtu yeyote. Juu mnarani akaonekana jini, amesimama wima, na shingoni hana mnyororo.

"Ewe Sultani!" akaita. "Sikurudi gurudumuni. Ule mnyororo wako nimeuchukua, nikaukunja na kuuviringisha, nikaufanya kamani, na sasa ndio unaoisukuma saa badala yangu, na jina langu halinifungi tena. Lakini kamani hulegea. Kila Ijumaa ni lazima mtu apande aivute kwa ufunguo, naye awe wa ukoo wako. Na akimaliza aseme ahsante. Amwambie nani? Huyu sonara anajua."

Mubashiri akatazama juu akasema, "Ninajua, lakini kikombe kimefunikwa."

Jini akacheka, mara ya kwanza tangu zama za mababu, akatoa kifuani kikombe kidogo cha duka, ambacho Mubashiri hakujua kimetoweka saa ngapi juu ya sinia, akakigeuza kikatazama mbingu. "Nimekifunua. Waambie."

"Anaitwa Kindashi," akasema Mubashiri, na sasa nami nimepata ruhusa ya kuwatajia.

Sultani Ghayathi akapanda mnara siku ile ile, akavuta ufunguo mpaka kilemba kikamwanguka na jasho likamlowesha, akajua kwa mikono yake uzito wa kitu ambacho ukoo wake ulimbebesha mwingine, akasema kwa sauti iliyosikika sokoni, "Ahsante, Kindashi, na utusamehe." Toka siku hiyo hakuapa tena, au tuseme aliapa mara chache sana, na kila mara aliuliza kwanza.

Kindashi alipoirudisha pete aliyoachiwa mlimani, Bibi Mkubwa hakuitaka tena. Akamkabidhi Mubashiri mkononi, akasema, "Haina neno ndani sasa. Mvishe umpendaye, na ikimbana aivue." Mubashiri akamvisha Salhina, na arusi ikafanyika Mtaa wa Vito kwa gharama za kasri, na Bwana Hatimu, ili kufuta haya yake, alimtengenezea bibi arusi mkufu wa yakuti bila kukubali malipo. Duka likafanikiwa kupita matarajio, kwani misafara ilitoka nchi za mbali kununua saa kwa mtu aliyelaza mkono wake gogoni kwa ajili ya siri ya mgeni, na Mubashiri na Salhina wakapata mali na watoto, na kila usiku walishukuru kwa vyote viwili.

Na siku moja, baada ya arusi, moshi ukaingia kwenye tundu la bomba na Kindashi akaketi katika kiti cha wateja. Kasuku akamkaribisha kwa maneno yake matatu. Alipomaliza kahawa alisema, kwa haya kidogo, kwamba amekuja kama mteja, anataka saa ya mfukoni, yake mwenyewe, ya kutazama usoni. Mubashiri akamchagulia iliyo nzuri kupita zote dukani. Kindashi akaipokea kwa ncha za vidole viwili, lakini kabla ya kuutazama uso aliigeuza, akafungua mgongo wake, akachungulia ndani muda mrefu, gurudumu kwa gurudumu, mpaka alipohakikisha kwamba hamna mtu. Ndipo akaifunga, akaisikiliza sikioni, akatabasamu.

Basi wewe uliyesoma hadi hapa, leo ukiitazama saa yako, au ukipokea chai uliyoandaliwa, fikiri ni miguu ya nani iliyotembea ili ikufikie, na kama unalijua jina lake, mshukuru kwa jina. Nami nakushukuru wewe kwa kuketi nami. Kahawa imekwisha, na kikombe changu nimekiacha wazi makusudi, ili uliyoyasikia humu uyachukue ukamwambie umtakaye.